Sikio la Yustina

Mimi ni mtu wa kushtuka upesi. Mlango ukibamizwa na upepo nashtuka, simu ikilia nashtuka, na wajukuu wangu kule Mbeya wamegeuza hilo kuwa mchezo: wananinyemelea jikoni, halafu wanacheka mpaka wanakaa chini. Nawaacha wacheke. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Ufipa kumzika Mama Yustina, na mshtuko nilioupata huko haukuwa wa kuchekwa. Sijapewa hata maji ya kunywa, Geradi, kitindamimba wa marehemu, ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa mtoto wa mgongoni na sasa ana mvi kichwa kizima, alinishika mkono akaniingiza chumbani kwa mama yake. Akavuta kutoka chini ya kitanda kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa khanga. Ndani, juu ya pamba, alilala mtoto wa kike wa udongo, urefu wa kiganja changu. Alikuwa wa udongo mbichi usiochomwa. Pua na midomo vilikuwa vimelika vikawa laini, lakini sikio la kushoto bado lilionekana vizuri, limechanika. "Shikamoo Mwalimu," Geradi akasema, kama aliyekumbuka adabu kwa kuchelewa. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Wengine wanasema mama azikwe naye, wengine wanasema abaki. Wewe ndiye ulimfinyanga, sasa sema." Nilikaa kitandani, nikalipakata lile kopo. Nilikuwa na hakika mtoto yule alishakuwa vumbi tangu enzi za vijiji vya ujamaa.

Nilifika kijiji kile cha Ufipa nikiwa na miaka ishirini, mwalimu mpya kabisa, sanduku la bati kichwani na viatu vya kisigino ambavyo havikumaliza wiki. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya kuliko mimi. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye vilima vyao wakapangwa kando ya barabara, nyumba moja baada ya nyingine, ndiyo maana wenyewe walikiita Mstarini, upande wa Kaengesa. Baadhi ya nyumba zilikuwa hazijaezekwa vizuri, na watu walikuwa bado wanarudi kwenye mahame yao kuchuma maboga yaliyoota peke yake. Nilipangiwa chumba kwa Bibi Odilia, mjane mfinyanzi, mwembamba, mkali, mchoyo wa kuni kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Chumba changu kilipakana na jiko, na ukuta kati yetu ulikuwa wa matete yaliyokandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni lilinifikia likiwa bado la moto. Tulikula ugali wa ulezi, mweusi, mzito, kwa maharage, na Jumapili baada ya misa tulikula samaki wakavu wa Ziwa Rukwa. Mwanzoni ugali ule ulinikwama. "Nyie wa Mbeya mmezoeshwa ndizi," Bibi alikuwa akisema, huku yeye mwenyewe anakula kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. Nikimtazama, ananijibu kabla sijauliza: "Mfinyanzi hulia gaeni. Kula."

Fahari ya Mstarini ilikuwa shule. Wakati nyumba zote zilikuwa za nyasi, shule ilikuwa na mabati, mapya, yanayong'aa mpaka watu wa vijiji vingine waliyaona kutoka mbali. Nilifundisha darasa la tatu, na kupitia dirishani tuliona matuta makubwa ya mviringo, yale ya Kifipa yanayofukia nyasi ndani yake, yamejaa bonde zima. Siku ile mawingu yalikuja mchana. Hakuna aliyejali, maana kule nyanda za juu mawingu ni jambo la kila siku. Yustina, dada yake Geradi, alikuwa amesimama kusoma. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa, sauti nyembamba, na kidole chake kilifuata maneno kitabuni bila kuruka hata moja. Halafu kila kitu kikawa cheupe. Ngurumo sikuisikia kabisa, na mpaka leo nashangaa wanaosema waliisikia kutoka mashambani. Nilijikuta nimekaa sakafuni, chaki mkononi, na harufu ya nywele zilizoungua puani. Watoto walikuwa wanatambaa kuelekea mlangoni, wengine wakiita mama zao kwa Kifipa. Yustina alikuwa amelala chali, kitabu kifuani, hana jeraha hata moja. Nilimwita jina lake kwa sauti ile ninayoitia mahudhurio. Nilimwita tena na tena, na nilikuwa bado namwita watu walipofika.

Nilipofungua kinywa nilie, Bibi Odilia alikiziba kwa kiganja chake chenye udongo mkavu. "Wa radi haliliwi," alininong'oneza. "Ukilia unaiita irudi." Ndivyo walivyoamini wazee wa pale, na waliamini hivyo na rozari zao shingoni, wala havikugombana. Mtoto yule alizikwa bila kilio. Nimeona misiba mingi maishani, nimezika mume na ndugu, lakini sijaona kitu kilichonitia hofu kama ule umati wa watu walionyamaza, majembe yakigonga mawe, na Mama Yustina amesimama pembeni na Geradi mgongoni, macho makavu, mekundu, yakitazama shimo. Hakuna mtu aliyemshika mkono. Kumshika ilikuwa sawa na kumruhusu alie.

Baada ya hapo mimi sikuwa mtu tena. Mikono ilianza kutetemeka na haikuacha. Chaki ilikatika vidoleni, kijiko kiligonga sahani. Sauti ilikauka ikabaki mnong'ono, kisha nayo ikaenda. Mvua ikianza kugonga, naingia chini ya meza, mtu mzima, mwalimu, nikiwa naona aibu na siwezi kutoka. Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mwema. Alikuja jikoni kwa Bibi, akakataa kukaa, akasema atanivumilia mpaka muhula uishe, na kama bado hali ni hii itabidi anirudishe kwetu na kuarifu wakubwa kwamba kichwa changu hakiko sawa. Nililisikia neno hilo kupitia matete. Wakati ule mwalimu wa kike aliyerudishwa kwao kwa ajili ya kichwa hakuwa na pa kwenda: kazi imekwisha, mchumba amekwisha, na mtaani watoto watamwimba. Nikalisikia na lingine baya zaidi, la Mama Skola, jirani yetu, aliyekuja kuomba moto. "Radi ya Mungu haichagui, Bibi. Hii imechagua. Mtoto amekufa, mwalimu hana hata alama." Bibi Odilia akamjibu, "Basi kaiulize radi. Na moto urudishe, wewe kila siku unachukua tu." Nilicheka kimoyomoyo, mara ya kwanza tangu siku ile, kisha nikaogopa kwa sababu nilikuwa nimeelewa alichomaanisha Mama Skola.

Siku moja baada ya chakula Bibi alinitupia bonge la udongo mbele yangu, likatua kwa kishindo, nami nikaruka. "Kula unakula," akasema. "Kanda." Sitaki mtu amfanye Bibi Odilia kuwa mganga. Mjukuu wangu mmoja anafanya kazi hospitali na ananiambia kwamba siku hizi wagonjwa wao wa akili hupewa rangi, nyuzi na udongo, watengeneze wanachotaka, na kwamba maneno huja baadaye mikono ikishatulia. Ananiambia kama habari mpya. Bibi alitaka kibarua, basi. Vyungu vya pombe ya ulezi vilikuwa vimeagizwa, na mgongo wake ulikuwa unamsumbua. Nikakaa, nikaanza kutoa vijiwe, nikachanganya unga wa vigae vilivyotwangwa, nikakanda kwa viganja na magoti. Mwanzoni mikono ilitetemeka kama kawaida. Baadaye, jua likiwa limeshaingia mlangoni, nikaitazama, nikaona imetulia. Udongo ulikuwa mzito kuliko kutetemeka kwangu. Nilipouachia, ikaanza tena. Nilipoushika, ikatulia. Nilifurahi mpaka nikaingiwa na woga, kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na hajui mwenyewe yuko wapi.

Vyungu vyangu vilianguka vyote. "Hiki hata panya atakikataa," Bibi alisema, akavirudisha kwenye maji. Lakini alasiri moja, bila kukusudia, vidole vyangu vilifanya kichwa kidogo kilichonyolewa, kisha shingo, kisha mikono inayoshika kitabu. Nikapumua. Siwezi kueleza zaidi ya hapo: tangu radi nilikuwa napumua nusu, na pale nikapumua yote. Kesho yake nikamfanya tena, kwa sababu wa jana hakuwa yeye. Nikaendelea kumfanya. Nilikuwa naiba udongo kidogo kwenye fungu la Bibi na kuwaficha watoto wale kwenye kihenge cha nyuma ya jiko, kilichokuwa kitupu tangu mazao yaanze kuwekwa kwenye ghala la kijiji. Nilijua vizuri kwamba Ufipa kule sanamu ya mtu ni alama ya uchawi. Kwetu Mbeya nako tulikuwa tunajua. Lakini mikono haikuniuliza, nami nilikuwa natamani kulala usingizi.

Kilichotufichua ni kuku. Kuku wa Mama Skola alikuwa na tabia ya kutaga ovyo, na siku hiyo Mama Skola akamfuatilia mpaka kwenye kihenge, akaingiza mkono kutafuta mayai, akatoka na Yustina. Mayowe yake niliyasikia nikiwa nakanda. Nilipotoka, uwanja ulikuwa umeshajaa watu, wengine wana mipini ya majembe, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anawatoa watoto wale mmoja mmoja na kuwapanga chini. Walikuwa wengi kuliko nilivyokumbuka. Wote walikuwa na kichwa kilekile na kitabu kilekile, wamepangwa juani. Mimi mwenyewe nilishtuka kuwaona. Nikasikia neno likipita kutoka mdomo hadi mdomo: msukule. Walisema Yustina hakufa. Walisema radi ilikuwa ya kuwafumba macho tu, na mwalimu amemchukua, anamfuga kwenye kihenge, anamtuma kazi zake. Nilitaka kusema, na sauti haikuja. Bibi Odilia aliniangalia kwa hasira niliyodhani ingeniua kabla ya mipini ile. "Na udongo wangu," akasema.

Hapo watu wakapisha njia. Mama Yustina alikuwa anakuja mbio kutoka shambani, Geradi akirukaruka mgongoni, matope mpaka magotini. Nilingoja anipige. Alipofika aliniangukia miguuni. "Mwalimu, kama ni wewe umemchukua, nirudishie," akasema. "Sitakushtaki. Hawa watu hawatakufanya kitu. Nirudishie tu, hata kama hasemi, hata kama hanijui." Alikuwa anatabasamu. Mama wa watu alikuwa ameambiwa njiani kwamba mwanawe yuko hai kihengeni, na alikuwa ameamini, na furaha ilikuwa imemjaa usoni. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na sijapigwa na kitu kama tabasamu lile. Radi ilikuwa afadhali. Nilichukua mtoto mmoja pale chini, wa mwisho niliyemfanya, bado ana unyevu, nikamwekea viganjani. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Akamtazama. Akamgeuza. Tabasamu likawa linaondoka taratibu, na umati wote ukawa unamtazama likiondoka. "Siyo huyu," akasema hatimaye. "Wangu sikio la kushoto lilichanika. Mbuzi alivuta uzi wa hereni." Balozi akainama akachunguza watoto wale mmoja baada ya mwingine. Wote masikio yalikuwa mazima. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na tulimngoja afikiri. "Mchawi asingekosea sikio," akasema. "Anayemfuga mtu anamjua." Mipini ikashuka kidogo. Na mimi, bila kujua nimefanyaje, nikasikia sauti yangu, ya kukwaruza, kama ya mtu mwingine. "Sikulijua sikio lile," nikasema. Mama Yustina akainua uso. "Umemfundisha kusoma, hukumtazama?" Hakusema kwa ukali. Akalowesha kidole kwa mate, akaikamata ile ndewe ya kushoto, akaichana. Akamtazama tena kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini palepale uwanjani, mtoto yule mapajani.

Balozi aliamuru wengine wavunjwe ili watu watulie, na Bibi Odilia hakukubali mtu mwingine awaguse. Aliwatwanga mwenyewe, akawarudisha kwenye maji, huku akiwaeleza watu kwamba udongo ule ameubeba kichwani kutoka bondeni na hakuna aliyemsaidia. Watu wakaanza kuondoka. Mama Skola akamchukua kuku wake. Mama Yustina hakuondoka, na kesho yake baada ya shamba akaja tena. Alikaa karibu nami, Geradi akitambaa kwenye majivu, akaomba udongo. Bibi akalalamika, akampa. Tukakanda. Alikuwa akinionyesha, akisema, "Paji lake lilitoka hivi," au "Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko hiyo," na mimi nikimwambia alivyokuwa akifuata maneno kwa kidole, jambo ambalo yeye asiyejua kusoma hakuwahi kuliona. Sauti yangu ikawa inarudi kwa sababu alikuwa ananiuliza maswali. Alasiri moja maji yakaanza kudondoka juu ya udongo wake. Yalidondoka mfululizo, naye hakutoa sauti wala hakuinua uso, na mikono yake haikuacha kukanda. Nikamtazama Bibi Odilia kwa hofu, maana yeye ndiye aliyeniziba kinywa. Bibi alikuwa anasugua chungu kwa gunzi la hindi. "Udongo unahitaji maji," akasema, bila kugeuka. "Endeleeni."

Siku ya kuchoma vyungu, Bibi alimwambia Mama Yustina amlete yule mtoto mwenye sikio, achomwe pamoja na vyungu apate kudumu. Mama Yustina akamkumbatia. "Moto umemgusa mara moja," akasema. "Inatosha." Kwa hiyo akabaki mbichi. Muhula ulipoisha nilikuwa nimeshika chaki, na Mwalimu Mkuu hakuandika lolote kwa wakubwa. Sitadanganya kwamba nilipona kabisa. Masika yakiingia, hata leo, mikono inaanza, na mezani kwangu Mbeya kuna bonge la udongo ndani ya nailoni ambalo wajukuu wamekatazwa kuligusa. Niliondoka Mstarini kwa uhamisho, nikaolewa, na urafiki wetu ukabaki wa kutumiana maharage na salamu kwa makondakta wa basi.

Haya yote nilikuwa nayaona nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha marehemu, kopo magotini. Nje kina mama walikuwa wanapika, na mmoja alikuwa anagomba kuhusu chumvi. Geradi alibaki amesimama mlangoni. "Masika yakija," akasema, "nyumba ikianza kuvuja, mama alikuwa anahamisha kwa mpango. Kwanza Dada. Halafu mahindi. Halafu sisi." Akacheka kidogo, akafuta uso kwa mkono wa shati. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. "Nataka abaki. Mimi Dada ninayemjua ni huyu. Lakini mama hakulala bila kumshika, Mwalimu. Atalalaje huko?" Nikaona kwa nini walikuwa wameshindwa kuamua. Mwanamke yule alimkinga mwanawe na moto kwa neno moja, akamkinga na maji kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake, na sasa walikuwa wananiomba mimi nimpeleke ardhini, kwenye maji, au nimwache mama aende mikono mitupu.

"Bonde la Bibi Odilia bado lina udongo?" nikauliza. Akaondoka bila kuuliza kwa nini, na viatu vyake vya msibani, akarudi na ndoo. Nikakaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, uzee wangu wote na gauni jeusi, nikakanda. Mikono ilitetemeka vibaya mno. Kina mama wakapita na sufuria, wakanitazama, hakuna aliyesema neno la uchawi. Nikafanya kichwa kilichonyolewa. Nikafanya kitabu. Nikachana sikio la kushoto, na hapo mikono ikatulia. Ndani, kwa neno langu, mtoto wa zamani alikuwa ameshawekwa kwenye kiganja cha mama yake, na vidole vikafungwa juu yake. Nikampa Geradi huyu mpya. Akamtazama. Akamgeuza, kama mama yake alivyomgeuza uwanjani.

"Siyo huyu," akasema. "Dada yangu pua yake imelika."

Akachuchumaa karibu na kigoda changu, akalowesha kidole gumba, akaanza kuifuta ile pua niliyoitengeneza kwa bidii, taratibu, mahali pale ambapo kidole cha mama yake kilikuwa kimepita maisha yake yote. Kisha maji yakaanza kudondoka juu ya udongo, mabega yakatikisika, akataka kusimama aondoke ili watu wasimwone. Nikamshika mkono.

"Udongo unahitaji maji," nikamwambia. "Endelea."